Maswali ya chenso na kuangusha miti: majibu kutoka shambani

Maswali haya nimeulizwa na vijana tunaofanya nao kazi Mufindi na Njombe, na wenye mashamba wanaotaka kuvuna wenyewe, na watu wa mjini ambao mwembe umeinamia bati la nyumba. Sikuyapanga kwa umuhimu. Chenso ni msumeno wa mnyororo, ule ambao Wakenya wengi huuita pawaso. Nikisema baa, nina maana ya ubapa wa chuma ambao cheni inauzunguka.

Fundi, nianze na chenso ya ukubwa gani?

Ndogo kuliko unayoitamani. Kijana anamwona opereta wa milingoti (mikaratusi) ameshika Stihl MS 382, injini ya sentimita za ujazo 72, naye anaitaka hiyohiyo kwa paini zenye unene wa sentimita 30. Kwa paini za namna hiyo, injini ya 50 mpaka 60 yenye baa ya sentimita 40 au 45 inamaliza kazi. Uzito unaouona si kitu ukiwa dukani saa nne asubuhi, ukifika saa tisa alasiri kwenye mteremko ni uzito mwingine kabisa, na mkono uliochoka ndio unaoachia mashine.

Kabla hujalipa, kagua vitu vinne: breki ya cheni mbele ya mkono wa kushoto, kile kibonyezo cha juu ya mshikio ambacho bila kukibana resi haikubali, kidaka cheni chini ya mashine kwa ajili ya cheni ikikatika, na mipira au springi za kupunguza mtikisiko. Bandia ni nyingi sokoni, rangi zinafanana hadi nembo. Bandia nyingine zina breki ya mapambo: unaisukuma mbele, inalia "tak", cheni inaendelea kuzunguka. Omba mashine iwashwe palepale, ijaribiwe mbele ya macho yako.

Petroli na oili nichanganye vipi?

Kwa oili nzuri ya 2T (ya injini za mipigo miwili) inayoruhusiwa na mtengenezaji wa mashine yako, ni 1 kwa 50: mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwenye dumu la lita 5. Kwa oili ya kawaida ambayo huna uhakika nayo, wengi huenda 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita. Kizibo cha chupa ya soda si kipimo. Mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi mmoja, na dumu litikise kabla ya kujaza.

Mashine iliyojazwa petroli tupu kwa bahati mbaya haidumu. Pistoni inakwaruzwa, inagoma, na bei ya silinda na pistoni mpya itakufanya ukumbuke dumu lile maisha yako yote. Andika kwenye dumu kwa rangi. Vibarua hubadilika kila msimu, dumu ni lilelile.

Oili chafu ya gari siwezi kuitumia kwenye cheni? Kila mtu anaitumia.

Najua kila mtu anaitumia. Mimi pia niliitumia miaka mingi kwa sababu ilikuwa ya bure gereji. Ina vyembe vya chuma vinavyokula baa na pampu, haina ule mnato wa kung'ang'ania kwenye cheni, na inarushwa hewani ikiwa na masizi ya injini ambayo unayavuta na kuyapaka kwenye ngozi kutwa nzima. Masizi hayo yana vitu vinavyosababisha saratani. Oili ya cheni ikikosekana, oili mpya ya injini ni afadhali mara kumi.

Kila unapojaza petroli, jaza na oili ya cheni. Kuona kama inatoka, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe au karatasi, piga resi: lazima uone mstari wa matone.

Nitajuaje kuwa cheni imekuwa butu?

Angalia kinachotoka. Cheni kali inatoa vipande vidogo kama pumba za mahindi zilizokobolewa vibaya. Cheni butu inatoa unga. Ukiona unga, na unaona unakandamiza mashine ili iingie, na moshi unaanza kutoka kwenye ufa, simama. Ikiwa msumeno unakata kwa kupinda kuelekea upande mmoja, meno ya upande mmoja ni mafupi au hayana makali kama ya mwenzake.

Tupa ya mviringo iendane na cheni, ambayo ukubwa wake huandikwa kwa inchi: cheni ya .325 hutumia tupa ya milimita 4.8, ya 3/8 ni 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Ile kubwa ya .404 ni 5.5. Pembe kwa cheni nyingi ni nyuzi 30, na mara nyingi kuna mstari mdogo juu ya jino unaokuonyesha. Sukuma kuelekea mbele tu, usirudi na tupa ikiwa inagusa. Hesabu misukumo: kama jino la kwanza limepata mitatu, yote yapate mitatu.

Halafu kuna kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Ndicho kinachoamua jino lile mbao kiasi gani. Kwenye cheni nyingi za .325 na 3/8 kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa takriban milimita 0.65. Mafundi wengi hawakigusi kabisa, basi jino linachongwa msimu mzima, kinundu kinabaki juu, na cheni iliyonolewa vizuri haikati. Wengine hufanya kinyume: wanakishusha sana ili mashine "ile". Hiyo inakata kwa kurukaruka, na ndiyo cheni inayopenda kumrudia mwenye nayo.

Kumrudia vipi? Mnasema msumeno unarusha.

Ile robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu huku cheni inazunguka, jino linakwama badala ya kukata, na nguvu yote ya injini inaigeuza baa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo yako. Hutaona ikija. Ni chini ya muda wa kupepesa jicho.

Kwa hiyo: kidole gumba cha mkono wa kushoto kizunguke mshikio, si kulala juu yake. Usimame pembeni ya mstari wa baa, si nyuma yake. Usikate juu ya mabega. Usipenyeze ncha kwenye rundo la matawi usiloliona ndani. Mara nyingi ncha haigongi mti unaoukata. Inagonga gogo lililojificha nyuma yake.

Kuna ubaya gani kuwasha huku nimeishika hewani? Ndivyo nilivyofundishwa.

Ndivyo tulivyofundishwa wote. Unaachia mashine ianguke kwa mkono mmoja, mwingine unavuta kamba, na mashine ikiwaka resi ya kuwashia ikiwa wazi, cheni inapita karibu na paja. Weka chini, breki ya cheni imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto juu, vuta. Ikiwa imeshapata moto, unaweza kuibana mshikio wa nyuma katikati ya mapaja, breki ikiwa bado imefungwa.

Suruali ya kukinga ni ghali. Gambuti na jinzi hazitoshi?

Hazitoshi. Ndani ya suruali ile kuna nyuzi ndefu nyingi. Cheni ikipasua kitambaa inazivuta, zinajisokota kwenye gia, mashine inasimama. Suruali ya daraja la 1 imepimwa kwa cheni inayokwenda mita 20 kwa sekunde, na mashine nyingi zinapita mwendo huo, kwa hiyo usidhani umevaa chuma. Inakupa nafasi ya kuumia kidogo badala ya kuumia sana. Jinzi inapasuka pamoja na nyama.

Pesa ikiwa haitoshi kununua vyote siku moja, mpangilio wangu ni huu: kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia kelele, kisha suruali, kisha buti zenye chuma puani. Kelele ya chenso ni zaidi ya desibeli 100, wakati 85 kwa siku nzima ya kazi tayari ni kikomo. Mwangalie opereta mzee anavyoongea kwenye simu: anapiga kelele. Vidole vyake vinakufa ganzi na kuwa vyeupe asubuhi za baridi za Mafinga. Huo ni mtikisiko wa miaka mingi, na haurudi nyuma.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mti unaangushwaje?

Kwanza huwashi mashine. Unauzunguka mti ukiutazama juu, siyo chini. Umeinamia wapi? Matawi mengi yako upande gani? Kuna tawi kavu lililoning'inia? Upepo unatoka wapi? Shina limeoza ndani? Ligonge kwa kisogo cha shoka, sauti ya mtungi mtupu utaitambua. Watu wako wapi? Asiwepo mtu ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili kutoka unapokata. Mti wa mita 20, basi mita 40 kuzunguka pande zote, na si mbele tu.

Kisha safisha njia ya kukimbilia. Inakwenda nyuma kwa mshazari, siyo nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina linaweza kuruka kinyumenyume likitoka kwenye kisiki. Fyeka magugu kwenye njia hiyo. Waliojikwaa kwenye mtambaazi mti ukiwa unakuja hawajapata nafasi ya kutueleza.

Sasa unakata mdomo, upande unaotaka mti uende. Kata ya juu inashuka kwa mshazari, ya chini inaingia bapa, zikutane mahali pamoja bila kuvukana. Kina cha mdomo kiwe robo au moja ya tano ya unene wa mti, na uwazi wake nyuzi 45 au zaidi. Nyuzi 60 au 70 ni bora, kwa sababu mdomo mwembamba hufunga mti ukiwa bado hewani, bawaba (ule ubao unaoachwa bila kukatwa) inakatika mapema, na kuanzia hapo mti unajiendea wenyewe.

Kata ya nyuma inaanza sentimita chache juu ya kona ya mdomo, inakwenda sambamba nayo, na inasimama kabla ya kufika. Ubao mwembamba unaobaki katikati ndio bawaba. Upana wake ni kama moja ya kumi ya unene wa mti. Mti wa sentimita 40: mdomo sentimita 8 mpaka 10, bawaba sentimita 4, unene uleule kushoto na kulia.

Hiyo bawaba ndiyo usukani. Sijui nimesema mara ngapi. Opereta anayekata mpaka bawaba ikaisha "ili mti uanguke haraka" ameng'oa usukani gari likiwa mlimani. Nimewahi kusimama na kuona paini ikigeuka robo duara ikiwa hewani na kulala juu ya trekta la kukokotea magogo. Kisiki chake kilikuwa laini kama meza. Dereva alikuwa amekwenda kujisaidia.

Weka kabari kwenye kata ya nyuma mapema, mara tu baa imeingia kiasi cha kuacha nafasi. Kabari ya plastiki au ya mbao ngumu. Ya chuma ikiguswa na cheni ni hasara na hatari. Mti ukianza kusogea, toa msumeno au uache, ondoka kwa njia yako, na endelea kutazama juu hadi matawi ya miti ya jirani yatulie.

Mlingoti ulichanika kwenda juu ukampiga mtu kifuani. Ilitokeaje?

Milingoti hufanya hivyo, hasa iliyoinama sana au inayovutwa na upepo. Unakata ya nyuma polepole, mti umeshaanza kwenda kabla hujafika kwenye bawaba, nyuzi zinashindwa kukatika, basi shina linapasuka wima kama kuni. Nusu ya nyuma inapanda juu na kurudi kwa nguvu, mahali hasa pa kifua na kichwa cha mkataji.

Mti ulioinama sana usiukate nyuma kwa kawaida. Kata mdomo usio na kina kirefu. Kisha penyeza baa ubavuni, nyuma ya mahali pa bawaba, ukianza na sehemu ya chini ya ncha na si ya juu, mpaka itokee upande wa pili. Tengeneza bawaba yako ukiwa ndani. Rudi nyuma, ukiacha kipande cha mti kisichokatwa upande wa mgongoni. Hicho ndicho kinachoushikilia. Mambo yote yakiwa tayari, simama pembeni ukikate kipande hicho, mti unakwenda mara moja. Njia hii ujifunze kwa mtu anayeijua, kwenye mti usioinama, kabla ya kuihitaji.

Mti umekwama juu ya mwenzake. Nifanyeje?

Acha nianze na usiyoruhusiwa. Usipite chini yake. Usipande. Usikate mti ulioushikilia. Usiangushe mti mwingine juu yake ili uubomoe. Na usiukatekate vipande kutoka chini, ule mtindo wa kupunguza mita moja moja, maana kila kipande kinaposhuka hujui shina litaruka upande gani.

Ukiwa mdogo, bawaba iliyobaki inaweza kukatwa sehemu, na shina likazungushwa kwa ndoano yenye mpini mrefu hadi lijitoe, wewe ukiwa upande salama. Ukiwa mkubwa, vuta kitako cha shina kwa winchi au trekta kuelekea nyuma, mbali na mti ulioushikilia. Waya ukikaza, hakuna mtu kusimama karibu wala kuuvuka, ukikatika unafyeka. Huna winchi? Zungushia utepe, weka mtu wa kuzuia wapitao, kaitafute. Anayesema "tuuache, upepo utaushusha" anasahau kwamba wanawake wa kijiji wataingia kuokota kuni kesho yake.

Na kukata vipande ukishalala?

Soma gogo limelaliaje. Likiwa limeegemea ncha zote mbili, katikati hewani, juu panabanwa na chini panavutwa: anza juu kidogo, malizia kutoka chini. Likiwa ncha moja iko hewani, ni kinyume chake. Kwenye mteremko simama upande wa juu siku zote. Matawi yaliyopinda chini ya mti ni mitego ya panya, yalegeze kidogokidogo.

Mti uko nyumbani, na nyaya za umeme zinapita kwenye matawi.

Usiuguse. Piga simu TANESCO, au shirika la umeme la huko uliko, wakate umeme au wakate wenyewe. Mti mbichi unapitisha umeme, ngazi ya alumini ndiyo kabisa, na waya mkubwa unaweza kukupata hata kabla hujaugusa.

Mti ulio mbali na nyaya lakini karibu na nyumba unashushwa vipande vipande na mpandaji mwenye mkanda wa mwili na kamba, huku aliye chini akiteremsha kila kipande kwa kamba nyingine. Mpandaji anayetumia msumeno ajifunge sehemu mbili. Kamba ikikatwa na cheni, ya pili imshike. Ile misumeno midogo yenye mshikio juu imetengenezwa kwa ajili ya mpandaji aliyefunzwa, siyo kwa kukatia kuni kwa mkono mmoja uani. Na kijana anayepanda mnazi vizuri si lazima awe anajua kupanda mwarobaini akiwa na chenso.

Nataka kupunguza matawi ya mwembe bila kuuua.

Kila tawi zito lina kata tatu. Ya kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, iingie robo hivi. Ya pili kutoka juu, mbele kidogo ya hiyo, tawi linaanguka bila kuchuna gamba. Ya tatu inaondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe wa shingo ambapo tawi linatokea. Usikate bapa na shina, usiache kisiki kirefu. Mti hauponi kama ngozi. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alitumia miaka yake mingi kupasua magogo akaonyesha kuwa mti huzingira kidonda kwa ndani na kuota mbao mpya juu yake, na shingo hiyo ndiyo inayoanza kazi. Rangi na lami juu ya kidonda hazisaidii.

Kukata kichwa chote cha mti kibaki kama nguzo, mtindo tunaoupenda sana mijini, kunaleta machipukizi mengi yaliyoshikilia juujuu tu. Baada ya miaka michache hayo ndiyo yanayoanguka juu ya gari.

Dingdong zina hatari kuliko chenso?

Zina hatari ya aina yake. Dingdong ni benchi la msumeno wa duara na injini ya dizeli, unalihamisha hadi shambani. Mengi hayana kifuniko cha msumeno wala cha mkanda wa injini. Mbao ikibana nyuma ya msumeno inarushwa kuelekea kwa anayeisukuma, kwa hiyo kile kisu cha kuachanisha mbao nyuma ya msumeno si urembo. Usivae koti lenye mikono mipana. Funika mkanda hata kwa bati la debe.

Nikajifunze wapi?

FITI, chuo cha viwanda vya misitu kilichoko Moshi, wanafundisha mambo ya viwanda vya misitu, na kuna kituo cha mafunzo Mafinga kilicho chini yao. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kinafundisha misitu kwa upana. Uliza kuhusu kozi fupi za opereta. Wiki moja ya kufundishwa mdomo na bawaba ina faida kuliko mwaka wa kukaririshwa makosa ya jirani.

Shamba ni langu, miti ni yangu. Kibali cha nini?

Pita kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya. Kuvuna na kusafirisha kunaongozwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na magogo au mbao bila TP (kibali cha kusafirishia) zinakamatwa barabarani. Baadhi ya miti ya asili imehifadhiwa hata ikiwa imeota shambani mwako. Uliza TFS, wakala wa misitu wa serikali, pia kuhusu usajili wa msumeno wenyewe. Ukiajiri watu, OSHA (usalama kazini) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) wanakuhusu, hata kama vibarua ni wanne.

Naweza kufanya kazi peke yangu?

Hapana. Mwenzako awe anakusikia au anakuona, nje ya eneo la hatari. Kabla ya kuanza jaribuni simu: mtandao unapatikana wapi, juu ya kilima kipi? Gari liko wapi, nani ana ufunguo, na limeelekezwa barabarani? Mfukoni, siyo kwenye begi lililoachwa kambini, uwe na bandeji kubwa ya kukandamiza. Damu ikiruka, kandamiza kwa nguvu zote na usiachie kutazama. Damu ya mguu au mkono isipokoma, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti, na andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wa mgonjwa, kwa kalamu au hata kwa masizi ya ekzosi, ili wa zahanati wajue.